Masika ya Chunusi

Jumatatu, 1 Machi 1971

Kitabu hiki Taib alipewa na Mhindi anayemuuzia karatasi, kila ukurasa na tarehe yake. Alikitupa juu ya kabati. Leo nimekishusha, nimekifuta vumbi, na Januari na Februari nimeziruka bila kujuta. Mume wangu anauza misahafu, kofia na udi mjini, na jioni anasomesha chuo cha Kurani katika chumba kilicho juu ya duka. Mtu wa maneno ni yeye. Mimi ni wa sindano. Lakini nina jambo ambalo nikimwambia yeye hunijibu kwa dua, na nikiwaambia wanawake wenzangu hunijibu kwa kicheko, basi nitaliandika.

Jambo lenyewe ni uso wa Munir.

Munir ni mtoto wa dada yangu Zena, Mungu amrehemu. Nilimpokea angali ananyonya, na Mungu hakunipa mwingine. Sasa ana miaka kumi na mitano. Mwaka jana siku ya Maulidi alisoma kasida pale chuoni, na sisi wanawake nyuma ya pazia tulinyamaza kimya, hata wale wanaokuja kwa ajili ya pilau. Ilikuwa sauti ya Zena. Sisemi ilifanana nayo, nasema ilikuwa ile ile, nyembamba, iliyonyooka, inapanda juu bila kujikaza. Zena alikuwa akiimba akifua nguo kule Mombasa, na mtaa wa pili walijua kwamba leo kwetu kunafuliwa. Nilidhani nimeizika pamoja naye, kumbe aliiacha kwa mtoto.

Tangu Ramadhani chunusi zimemjaa Munir kuanzia paji la uso mpaka shingoni, na tangu hapo hasomi kasida. Hata bafuni nasikia maji tu.

Leo tukila Taib amesema, "Mwaka huu Munir ndiye ataongoza kasida. Nishasema na watu."

Munir ameinuka na sahani yake akaenda kumalizia kula chumbani.

Alhamisi, 4 Machi

Asubuhi nimesaga liwa, ule mti wa manukato, nikampaka uso mzima. Jioni, kama kila Alhamisi, nimemsugua kichwa kwa mafuta ya nazi niliyoletewa kutoka pwani. Nywele zimelainika vizuri. Ametulia mikononi mwangu kama zamani, macho kayafumba. Nilitaka mafuta yasiishe.

Ijumaa, 5 Machi

Jua kali. Watu wanasema mvua itachelewa.

Jumapili, 7 Machi

Lornah, muuguzi wa hospitali moja hapa hapa Parklands, ni jirani yetu katika hivi vyumba vya nyuma vya uwanja wa Mhindi anayetupangisha. Mtu wa Kakamega, sauti kubwa, kicheko kikubwa, na macho yasiyojua haya. Leo Munir alikuwa akichota maji bombani, na huyu mwanamke akamshika kidevu akamgeuza uso kwenye mwanga, kama anayechagua nyama buchani.

"Mama Munir, huyu kijana si umlete hospitali tuone hii uso yake?"

Munir aliacha ndoo akaondoka. Nilimwambia Lornah kwamba kwetu tuna dawa zetu, ahsante. Nilisema kwa upole, lakini nadhani alielewa kwamba ni mlango nimeufunga.

Jumatatu, 8 Machi

Taib ameandika aya za kombe kwenye sahani nyeupe kwa zafarani, akaisuuza kwa marashi, Munir amekunywa. Amelinywa lote mpaka tone la mwisho. Huyu mtoto akiambiwa ale majivu usiku huu, atakula.

Alhamisi, 11 Machi

Siamini macho yangu. Tangu juzi uso wa Munir umelainika, na rangi imekuwa maji ya kunde. Taib anasema ni kombe. Mimi nasema ni liwa. Tumebishana kwa furaha mpaka chai ikapoa.

Jumamosi, 13 Machi

Nilikwenda Muthangari kumpelekea mama Wanjira mapazia yake. Mlango kanifungulia Wanjira mwenyewe, msichana wa shule, na uso wake, Mungu nisamehe, niliduwaa. Chunusi kama za Munir, na juu ya kila chunusi tone jeupe la dawa. Nilitafuta pa kuelekeza macho.

"Karibu mama, mami anaoga. Usishtuke na hii, ni dawa. Nikimaliza wiki nane nitakuwa mrembo kuliko wewe," akacheka, akaniwekea kiti.

Hana habari! Alikaa mbele yangu akila ndizi akinisimulia mwalimu wao wa hesabu. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikimuonea wivu mama yake, si nyumba wala gari, bali mtoto anayeweza kukaa mbele ya mgeni.

Jumatano, 17 Machi

Ngurumo, bila mvua. Uso wa Munir umerudi, na umerudi na jamaa zake wote. Mashavu yamevimba, mekundu, na vidogo vidogo vingi kuzunguka mdomo ambavyo havikuwapo zamani. Anakwenda shule amejifunga skafu mpaka puani, kwa joto hili.

Alhamisi, 18 Machi

Nikitandika kitanda chake nimekuta kopo chini ya godoro. Halina jina. Ndani kuna mafuta meupe yanayonuka kama dawa ya kuulia kunguni. Nilimuuliza ametoa wapi.

"Kwa mtu wa barabarani, mjini. Alisema itatoa kila kitu."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

Ni kweli ningekataa. Kumbe si liwa wala kombe lililomlainisha. Taib aliposikia alikwenda kutawadha ingawa wakati wa sala ulikuwa bado.

Ijumaa, 19 Machi

Mvua imeanza leo, na ningependa kuandika juu ya mvua.

Baada ya adhuhuri Munir alirudi kutoka shule akaingia bafuni. Bafu letu ni la pamoja, uani, mlango wa bati. Nilimsikia akijimwagia maji, halafu nikasikia kitu kingine, kwaruu, kwaruu, kama mtu anayekwangua sufuria iliyoungua. Nilidhani anasugua viatu. Mvua ilikuwa inapiga mabati na sikusikiliza sana. Sauti ile haikukoma. Nikaenda nikagonga.

"Munir, wafanyani humo?"

"Naoga, mama."

"Fungua."

"Naoga!"

Sijui nilipata wapi nguvu. Nilivuta ule mlango mpaka ndoano ikang'oka. Alikuwa amesimama na suruali ya shule, kifua wazi, na mkononi jiwe langu la kusugulia miguu. Uso mzima damu. Shavu la kushoto lilikuwa halina ngozi ya juu. Alinitazama kama mtu aliyekatizwa kazi.

"Ni uchafu, mama," akasema. "Hautoki."

Nilimnyang'anya jiwe nikalirusha uani. Nilimshika kichwa nikamkumbatia, damu ikaingia kwenye kanga yangu, na mvua inatunyeshea sote wawili maana mlango umebaki wazi.  Ndipo akanieleza. Shuleni wanamwita Ndengu, kama punje zilizomwagwa usoni. Wakimuona wanaimba bei ya ndengu. Mwalimu wa dini alisema darasani, bila kumtaja, kwamba vijana wengine dhambi zao za siri huandikwa usoni, na darasa zima likageuka kumtazama. Mtoto amekuwa akioga mara nne kwa siku tangu wiki iliyopita. Nami nilikuwa nikimsifu kwa usafi.

"Na baba anataka nisimame mbele ya watu," akasema. "Na hii uso. Nitaimba wapi, mama? Si wataniangalia tu?"

Nilitaka kumwambia kwamba sisi wanawake hatuoni kitu nyuma ya pazia, kwetu utakuwa sauti tu.  Nilimfunga shavu kwa kitambaa safi nikampikia uji.

Taib alipofika nilimwambia yote. Hakusoma dua safari hii. Alikaa nje ya mlango wa Munir, akasema, "Yule mwalimu ni mpumbavu. Mimi nilikuwa na chunusi mpaka mgongoni, na dhambi sikuwa nazo ila uvivu."  Lakini miaka hii yote mimi sikuwahi kulijua hilo la mgongoni.

Jumatatu, 22 Machi

Mvua. Nilikwenda Muthangari kwa miguu kumuuliza mama Wanjira daktari wao ni nani. Mashavu ya Wanjira yalishaanza kusafika. Kumbe daktari yupo hapa Parklands, karibu kabisa na hekalu la Wahindi. Mchana tumekwenda, mimi na Munir, skafu na mwavuli. Daktari ni mzee wa Kihindi, miwani mizito, mwenye haraka. Alitazama, akalaani lile kopo la barabarani, kwamba huanza kwa kulainisha halafu huharibu, akaandika. Losheni ya kupaka usiku, inanuka kiberiti. Vidonge vya rangi mbili, mara nne kwa siku, kabla ya chakula.

"Kabla ya chakula, sawa mama? Wiki nane. Usiguse, usikamue."

Kabla ya chakula nimemuelewa. Lakini nani atamwangushia mtoto dawa kali kwenye tumbo tupu? Nitampa na maziwa.

Jumanne, 23 Machi

Maziwa. Vidonge. Mvua.

Alhamisi, 25 Machi

Nimepata mtu wa kuniletea maziwa freshi alfajiri. Nayachemsha, nayapoza, namsimamia Munir mlangoni mpaka ameze kidonge na glasi iishe. Anamaliza akifuta mdomo kwa mgongo wa mkono, kama alipokuwa mdogo. Kwa mara ya kwanza tangu Ramadhani nina kitu cha kumfanyia. Nimempaka na mafuta yake ya Alhamisi pia, kichwa chote.

Jumamosi, 27 Machi

Lornah amepata likizo amekwenda kwao. Ua umekuwa kimya. Sitasema nimemkosa.

Jumatano, 31 Machi

Mvua. Maziwa. Hakuna mabadiliko, lakini wiki nane ni wiki nane.

Jumamosi, 3 Aprili

Shule zimefungwa. Munir hatoki kabisa. Anasoma vitabu vyake kitandani, uso ukutani. Nikiingia hujifunika shuka mpaka macho na kunijibu humo humo, na maneno hayasikiki vizuri. Koo linamkwaruza, nadhani ni baridi ya masika, nimemchemshia tangawizi.

Jumanne, 6 Aprili

Nimekaa nje ya mlango wake nikishona kofia. Niliimba kidogo, ule wimbo wa Zena wa kufulia, nikidhani labda atanirekebisha kama zamani nilipokuwa nikikosea makusudi. Nilikosea mara tatu. Nilisikia ukurasa ukigeuzwa. Nina hamu na huyu mtoto, na yupo upande wa pili wa ubao wa mlango.

Ijumaa, 9 Aprili

Kidevuni pamevimba mpya mbili kubwa, na paji la uso ni kama changarawe. Munir alizihesabu kwenye kioo cha kabati langu. Baadaye akakigeuza kioo ukutani, nami nimekiacha hivyo hivyo.

Jumapili, 11 Aprili

Pasaka ya Wakristo. Uani hakuna mtu. Mvua haijapumua tangu juzi.

Munir kaja jikoni mwenyewe leo, akasimama karibu na jiko. Nilifurahi. Kumbe alikuwa na lake.

"Mama, nataka kwenda Mombasa kwa bibi. Nikae huko. Niache shule."

"Ukafanye nini?"

"Nitafanya kazi yoyote ya usiku. Bandarini kuna kazi ya usiku."

"Na Maulidi?"

"Maulidi atasoma mtu mwingine. Hii dawa haifanyi, mama. Wanjira yako imemfanya, mimi haifanyi. Labda yule mwalimu alisema kweli."

Taib amesema ngoja tufike Maulidi, baada ya hapo kama bado unataka, nitakupeleka mwenyewe stesheni. Nilimkasirikia sana. Nilimwambia faragha kwamba amemuuza mtoto kwa siku moja ya kasida. Akanijibu kwamba hakumuuza, amemnunulia muda. 

Nikiwa peke yangu nakiri hapa kwamba na mimi nataka kasida ile. Naitaka kuliko Taib. Yeye anataka heshima ya chuo. Mimi nataka dada yangu.

Jumatano, 14 Aprili

Maziwa. Vidonge. Mvua.

Ijumaa, 16 Aprili

Lornah amerudi na gunia la mahindi mabichi, akatugawia watu wote wa ua. Alikuja kwangu asubuhi na mahindi sita, akanikuta nikimpa Munir dawa yake mlangoni. Akasimama.

"Mama Munir. Hiyo ni dawa ya uso?"

"Ndiyo. Ya daktari," nikasema, nikimaanisha si yako.

"Na hiyo ni nini kwa glasi?"

"Maziwa. Isimchome tumbo."

"Woi!" Akaweka mahindi chini. "Kila siku na maziwa?"

"Mara nne."

"Tangu lini?"

Nikamwambia tangu Machi. Akashika kichwa.

"Mama, maziwa inashika hiyo dawa huko ndani ya tumbo. Inaikataza kuingia kwa damu. Ni kama hujampatia kitu. Hiyo inamezwa na maji peke yake, tumbo tupu, halafu mngoje saa nzima ndio ale. Hawakukuambia?"

"Walisema kabla ya chakula."

"Sasa?"

"Sasa maziwa ni chakula?" nikapiga kelele. "Maziwa ni maziwa! Toka lini maziwa yakawa chakula? Mtu akija kwako njaa ukampa maziwa, amekula?"

Nilimwambia mengi. Nilimwambia maziwa yangu hayajamdhuru mtu, na yeye asiyekuwa na mtoto humu ndani asinifundishe kulea, na baada ya kusema hilo nilisikia mwenyewe nilivyosema, maana mtoto wa kumzaa mimi pia sina. Lornah hakukasirika. Alingoja nimalize.

"Wamama wote wanafanya hivyo," akasema. "Wodini tunawakuta kila siku. Ni kwa sababu mnawapenda."

Munir alikuwa bado mlangoni na glasi mkononi. Alinitazama, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi ananitazama usoni bila shuka. Nilidhani ataniambia neno baya, na ningestahili. Akaenda bombani, akamwaga yale maziwa, akaisuuza glasi akaijaza maji.

Nimelia kutwa. Sina la kuongeza.

Jumamosi, 17 Aprili

Lornah amekuja tena, bila mahindi. Alikaa na Munir barazani, mvua ikinyesha, mimi nikijifanya napepeta mchele. Alimuuliza anaoga mara ngapi. Akamwambia mara mbili inatosha, sabuni ya kawaida, kwa mkono, jikaushe kwa kupapasa. Losheni kidogo, uso wote, si kwenye chunusi peke yake. Akamuuliza nywele anapaka nini.

"Mafuta ya nazi. Mama ananipaka."

"Hiyo nayo inateremka kwa paji la uso, inaziba. Wacha kabisa."

Nikaacha mchele. Jamani, na mafuta pia!

Munir akamuuliza kwa sauti ndogo. "Na pilipili? Na mayai? Na... yale mwalimu alisema?"

Lornah hakucheka kicheko chake. "Sikiliza. Si chakula, si uchafu, si dhambi. Ngozi yako imeambiwa ikue haraka na haijui kazi, inatoa mafuta mingi. Umri ndio huo. Hata mimi nilikuwa nayo, tena mbaya, na nilikuwa kwaya. Niliimba hivyo hivyo."

"Watu hawakuangalia?"

"Waliangalia. Halafu wakachoka."

Nilidhani nitamuonea wivu, maana aliongea naye muda mfupi akapata maneno ambayo mimi sikuyapata miezi mitano. Nimemuonea, kidogo. Lakini nilimpikia chapati.

Alhamisi, 22 Aprili

Alhamisi bila mafuta. Mikono yangu haikujua iende wapi. Nimeshona kofia mpaka vidole vikauma.

Jumapili, 25 Aprili

Nimeona leo, na sikusema kitu nisije nikatia mkosi. Paji la uso lina sehemu laini, pana kama kiganja cha mtoto.

Jumanne, 27 Aprili

Mwezi wa Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, umeandama. Maulidi yetu ya chuo yatakuwa Jumapili ya tarehe tisa, baada ya alasiri. Munir hajasema atasoma, hajasema hatasoma. Nimemuuliza Taib. Kasema, "Mimi simuulizi."

Alhamisi, 29 Aprili

Kidevuni mpya moja. Munir alikuja kunionyesha mwenyewe! Akasema Lornah alimwambia zingine zitakuja tu, asihesabu moja moja, ahesabu kwa mwezi. Hakuikamua. Kioo cha kabati kimegeuzwa kutazama chumba, na si mimi niliyekigeuza.

Jumapili, 2 Mei

Munir ametoka na Taib kwenda mjini, bila skafu, kola ya shati imesimama. Wamerudi wamelowa. Nikauliza walikuwa wapi.

"Chuoni," akasema Taib.

"Amesoma?"

Taib akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa, kama mtu anayeficha kitu kizuri au kibaya. "Utasikia," akasema, akaenda kubadili kanzu.

Utasikia! Basi nimeishika hiyo. Nimepika nayo chakula, nimelala nayo. Nitasikia. Zena, tutasikia.

Jumatano, 5 Mei

Wamekwenda tena. Mimi hawanichukui. Lornah ameomba kuja Maulidini, kaniuliza avae nini. Nimemuazima kanga zangu nzuri nikamfundisha kujifunga, amecheka mpaka ua mzima ukatoka kutazama.

Ijumaa, 7 Mei

Taib amekwenda Dagoretti kuchagua mbuzi, amerudi na matope mpaka magotini na mbuzi wawili wanaomdharau.

Jumamosi, 8 Mei

Nimemtazama Munir akila. Mashavu bado yana mekundu, na lile shavu la kushoto lina kovu la jiwe ambalo halitaondoka, Lornah amesema ukweli. Kidevu bado. Paji la uso safi. Si uso wa mwaka jana. Nilikuwa nikisubiri uso wa mwaka jana urudi, na leo nikaona kwamba haurudi, huu ni mwingine unaokuja, mrefu, wenye kivuli cha masharubu. Niliona nikafumba macho. Nikajiambia uso basi, lakini sauti haina chunusi.

Jumapili, 9 Mei

Mvua ilikatika adhuhuri. Tulipanda ngazi za chuo tukiwa tumebeba masinia. Wanaume mbele, sisi nyuma ya pazia la shuka mbili za bluu, wanawake wa pwani wote wa mjini tumebanana, udi, marashi, watoto wanalia. Lornah alikaa kwenye ncha ya pazia kwa sababu ya miguu yake mirefu. Mimi nilikaa katikati, karibu na mama mmoja mgeni kutoka Malindi, nikafumba macho nikangoja.

Walisoma, wakasoma, watu wakaitikia. Ikafika pale pa kusimama kumtukuza Mtume. Tukasimama sote. Pakawa kimya, kile kimya cha mwaka jana, nami nikaikaza mikono maana nilijua inakuja.

Ikaanza sauti ya mwanamume.

Nzito, ya chini, yenye mchanga kidogo ndani yake. Ilianza polepole, ikakwama mahali, ikajikusanya ikaendelea.  Nilijua basi, Munir amekataa dakika ya mwisho, Taib amemtia mtu mwingine, kesho ni stesheni. Nilitaka kukaa chini lakini hakuna anayekaa wakati ule.

Yule mama wa Malindi akaniinamia. "Ni nani huyo asomaye? Ana sauti nzuri."

"Simjui," nikasema.

Nilisema hivyo. Simjui. Lornah akageuka kutoka kwenye ncha ya pazia, alikuwa amelivuta kidogo kwa kidole, hana haya yule mwanamke, uso wote machozi na meno.

"Mama Munir! Si huyo ni kijana wako? Amesimama mbele kabisa! Hajaficha uso!"

Nikasikiliza upya. Nilisikiliza kwa nguvu zangu zote, nikimtafuta Zena, mahali sauti inapopanda, mahali pa kuvuta pumzi, hata neno moja. Niliitafuta ile sauti nyembamba iliyonyooka mpaka mwisho wa kasida. Haikuwamo. Imekwenda, na Zena amekwenda nayo, safari hii moja kwa moja, na hakuna mtu mwingine pale chumbani aliyejua kwamba tunazika. Watu waliitikia kwa furaha. Yule kijana akapandisha, sauti ikamvunjikia mbele ya wanaume wote, hakunyamaza, akairudia.

Nikamgusa yule mama wa Malindi begani. Nikamwambia ni Munir, ni mwanangu, na kwamba mimi pia ndiyo kwanza namsikia.